Tasnifu juu ya mizizi ya utandawazi, 1400 hadi 1800: nianzie wapi?

Mwalimu wa Lindi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, wakubwa kwa wadogo, salaam. Mimi ni mwalimu wa Historia wa kidato cha tano na cha sita mkoani Lindi, na mwaka huu nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili. Ninalotaka kulichunguza ni chimbuko la utandawazi katika zama za awali za kisasa, yaani tangu karibu mwaka 1400 hadi 1800, wakati bahari kuu zote zilipoanza kupitika kwa biashara ya mwaka hadi mwaka. Niliandika wazo langu katika kurasa nne, nikalipeleka kwa msimamizi wa utafiti. Lilirudi na mstari mmoja wa wino mwekundu uliosema kwamba utandawazi ni jambo la miaka ya 1980 na kuendelea, la simu, mabenki na makampuni makubwa, na kwamba nilichoandika ni habari za wavumbuzi niliyoivalisha kanzu mpya.

Sikukasirika sana, kwa sababu nilipozisoma tena zile kurasa nne niliona nusu ya maneno yake ni kweli. Nilianza na Columbus mwaka 1492, nikapita kwenye mkataba wa Tordesillas wa 1494 kati ya Hispania na Ureno, nikafika kwa Vasco da Gama na Malindi ya 1498, na katika simulizi lote hilo Waafrika, Wahindi na Wachina walikuwa watu wa kusimama ufukweni wakingoja kufikiwa. Ndivyo nilivyofundishwa, na nakiri kwamba ndivyo nilivyofundisha kwa miaka tisa.

Kilichonisukuma kwenye mada hii ni safari niliyowapeleka wanafunzi wangu Kilwa Kisiwani. Tulivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, na tulipofika mbele ya lango la Gereza binti mmoja akaniuliza: ikiwa jengo hili lilikuwa ngome, kwa nini linaitwa gereza, na ikiwa neno lenyewe ni la Kireno lenye maana ya kanisa, kanisa lilifikaje kuwa mahali pa kufungia watu? Nilibabaika. Muda mfupi baadaye yule yule akaona mchangani kigae cha bakuli la kijani kilichopauka, na mwongozaji akatuambia tusikiokote, ni cha Uchina. Neno kutoka Ureno, bakuli kutoka Uchina, kuta za matumbawe ya papo hapo, na mtoto wa Lindi anayetaka kujua vilikutanaje: nilishindwa kuunganisha.

Naomba msaada wenu basi. Je, yapo mashiko ya kitaaluma ya kusema utandawazi una mizizi katika karne ya 16, au nabishana bure? Na mtu mwenye mshahara wa mwalimu, asiyejua Kireno wala Kihispania, aisome vipi historia ya dunia nzima bila kuishia kukariri safari za wavumbuzi? Ningependa pia kujua kama pwani yetu inaweza kuwa kiini cha utafiti wa namna hii, au itabaki kuwa mfano wa pembeni.

Bint Shela amejibu:

Mwalimu, pole na wino mwekundu. Hubishani bure hata kidogo, ila swali la "ulianza lini" lina mtego ndani yake, kwa kuwa kila anayelijibu huwa ameshaamua kimoyomoyo utandawazi ni kitu gani. Mwanazuoni Janet Abu-Lughod alieleza mtandao wa masoko wa karne ya 13 na mwanzo wa ya 14 uliounganisha miji kuanzia Ulaya Magharibi hadi Uchina, na Kilwa aliyoitembelea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331 iliishi katika ulimwengu wa namna hiyo. Mtandao huo ulikuwa mpana, lakini bara la Amerika halikuwamo. Ndiyo maana wanahistoria wa uchumi Dennis Flynn na Arturo Giráldez wakachagua mwaka 1571, Wahispania walipoifanya Manila kuwa mji wao, kwa sababu hapo Amerika na Asia zilianza kufanya biashara ya moja kwa moja na ya kudumu kuvuka Pasifiki, na pete ikafunga.

Mimi nimesimama karibu na hawa wawili, na sababu yangu ni fedha. Nina maana ya fedha yenyewe, ile madini, na tazama jinsi lugha yetu inavyotusaidia: sisi tunaita madini na pesa kwa jina moja, hata leo wizara ya serikali inabeba jina la chuma cheupe ambacho hakimo tena mfukoni mwa mtu yeyote. Mwaka 1545 ilianza kuchimbwa fedha katika mlima wa Potosí, kwenye Bolivia ya leo, mahali palipo juu kiasi cha mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Baada ya zebaki ya Huancavelica kuanza kutumika kusafishia mawe yake katika miaka ya 1570, na baada ya gavana mkuu Francisco de Toledo kuweka utaratibu wa kazi ya shokoa ulioitwa mita, uliodai moja ya saba ya wanaume wa wilaya nyingi za milimani kila mwaka, uzalishaji ulipanda ghafla. Mwanzoni mwa karne ya 17 Potosí ilikuwa na watu wanaokadiriwa kufika 160,000, na hapo zamani palikuwa na baridi na upepo mtupu.

Sasa uliza ilikwenda wapi. Vitabu vingi vya shule husema ilikwenda Hispania, na ni kweli ilipita huko, lakini haikukaa. Sehemu kubwa iliishia Uchina, kwa sababu dola ya Ming ilikuwa imeacha noti zake zilizopoteza thamani na hatua kwa hatua ikaanza kudai kodi ilipwe kwa fedha, na nchi yenye watu wengi kuliko zote ikidai kodi kwa madini yasiyochimbwa vya kutosha ndani ya mipaka yake, bei ya madini hayo lazima ipande. Kuelekea mwaka 1600 dhahabu kipimo kimoja ilinunuliwa kwa takriban vipimo 6 vya fedha nchini Uchina, wakati Hispania ilihitaji 12 au zaidi. Nahodha yeyote mwenye akili timamu angepeleka fedha upande huo. Kwa hiyo aliyevuta kamba alikuwa mlipa kodi wa Uchina, na mfalme wa Hispania alikuwa mmoja wa waliokokotwa nayo. Ukilielewa hilo, wale watu wako waliosimama ufukweni wataanza kutembea wenyewe.

Jambo hili linaonekana hata katika safari ya Vasco da Gama, ukiisoma kwa jicho la mfanyabiashara. Alipofika Calicut, pwani ya India, mwezi Mei 1498 alimwandalia mtawala wa pale zawadi, na shajara ya safari hiyo imeziorodhesha: vipande 12 vya kitambaa cha mistari, kofia, shanga za marijani, mabeseni 6 ya kunawia, sukari, mapipa 2 ya mafuta na 2 ya asali. Maofisa wa bandari walicheka. Wareno waliambiwa kwamba hata mfanyabiashara maskini kuliko wote anayetoka Makka hutoa zaidi ya hapo. Ulaya haikuwa na bidhaa ambayo Bahari ya Hindi iliihitaji sana, na karne iliyofuata kilichoiokoa ni fedha ya Amerika, pamoja na mizinga. Wareno walipojenga ngome Sofala, katika Msumbiji ya leo, mwaka 1505 ili wachote dhahabu, walikuta wenye dhahabu hawataki vitu vyao, wanataka nguo na shanga za Khambhat, bandari ya Gujarati nchini India, walizozizoea. Ikabidi Mreno aende Gujarati kutafuta nguo ndipo anunue dhahabu ya Afrika. Pwani yako haiko pembeni, Mwalimu. Ilikuwa soko lenye mteja anayechagua.

Kuhusu njia ya kusoma, ushauri wangu ni kuchukua kitu kimoja, hati moja au bidhaa moja, ukaifuata popote inapokwenda. Nikupe hati ya jirani yako. Tarehe 14 Septemba 1776 mtawala wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice: kila mwaka apatiwe watumwa 1,000, kila mmoja kwa piastre 20, na juu ya kila kichwa mfalme apewe zawadi ya piastre 2. Ukurasa wenyewe ni mfupi, lakini vuta kila neno uone. Watu hao walikuwa wakipelekwa kwenye mashamba ya visiwa vya Kifaransa, ambavyo leo ni Morisi na Réunion, na mazao ya mashamba hayo yaliuzwa mbali zaidi. Piastre ilikuwa jina la Kifaransa la ile reale kubwa ya Hispania, sarafu ya gramu 27 hivi, iliyotoka migodi ya Amerika. Hapo una Afrika, Amerika, Ulaya na visiwa vya Bahari ya Hindi katika sentensi moja iliyoandikwa Kilwa.

Mchumi wa Kariakoo amejibu:

Nimefuatilia kwa heshima, lakini naomba nimtetee msimamizi asiyekuwapo. Dada Bint Shela ametuonyesha uhusiano, na uhusiano haukosekani. Hata bakuli la Uchina huko Kilwa lilitangulia Potosí. Swali la mwanauchumi ni jingine: je, masoko yalikuwa yamefungamana kiasi kwamba bei ya huku inaitikisa bei ya kule? Wanauchumi Kevin O'Rourke na Jeffrey Williamson walipima tofauti ya bei za bidhaa kati ya Asia na Ulaya, wakakuta kwamba kwa karne tatu baada ya 1498 pengo halikupungua kwa namna ya kuonekana, na kwamba mabadiliko halisi yalianza miaka ya 1820. Pilipili manga na karafuu ziliendelea kuuzwa Amsterdam kwa bei isiyofanana na ile ya mashambani zilikotoka, kwa kuwa makampuni yenye ukiritimba, kama ile ya Waholanzi iliyoanzishwa mwaka 1602, yalikula tofauti hiyo. Bidhaa zilizosafiri zilikuwa za thamani kubwa na uzito mdogo, na mkulima wa kawaida wa Ulaya au wa Unyamwezi hakubadilishiwa ujira wake na hariri.

Linganisha na karne ya 19. Zanzibar ilitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na kitambaa kizito cha pamba kutoka viwanda vya Massachusetts kikaenea hadi bara kiasi cha kuitwa "merikani" na watu ambao hawakuwahi kuiona bahari. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, pamba ikaadimika, merikani ikapanda bei na kutoweka kwenye maduka ya Zanzibar, na nguo za Uingereza na za India zikachukua nafasi yake. Mtu akipigwa risasi Virginia, na mpagazi wa Tabora akajikuta analipwa kwa kitambaa cha aina nyingine, huo ndio utandawazi ninaoutambua.

Sisemi mada ifutwe. Nasema Mwalimu aandike wazi katika ukurasa wa kwanza anatumia kipimo gani. Akisema "mawasiliano ya kudumu kati ya mabara yote yenye watu wengi", 1571 inasimama. Akisema "kufungamana kwa bei", haisimami, labda kwa hiyo hiyo fedha peke yake, ambayo nakubali kwamba bei yake ilisogeleana kati ya Uchina na Ulaya kufikia katikati ya karne ya 17. Hapo dada amechagua mfano unaompendelea.

Mzee wa Makaratasi amejibu:

Wanangu, mmeanza vizuri. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi katika vyumba vya kumbukumbu za kale, na nina mambo ya kuongeza.

Kwanza kwako mchumi. Kipimo cha bei ni kizuri kwa swali la bei. Visiwa vya Banda, katika Indonesia ya leo, vilivyokuwa peke yake duniani kwa kungumanga, vilivamiwa mwaka 1621 na kampuni hiyo hiyo ya Waholanzi chini ya Jan Pieterszoon Coen. Wenyeji wengi mno waliuawa, wakafa njaa au wakauzwa utumwani Batavia (Jakarta ya leo), na mashamba wakapewa walowezi waliolimisha watumwa. Kungumanga iliendelea kuwa ghali Amsterdam, na kwa jedwali lako hakuna kilichofungamana. Kwa mtu wa Banda kila kitu kilikuwa kimekwisha. Vivyo hivyo watu wanaokadiriwa kuwa milioni 12.5 waliopakiwa melini kuvushwa Atlantiki, ambao takriban milioni 10.7 kati yao ndio walioshuka wakiwa hai. Wengi walinunuliwa Afrika Magharibi kwa kauri zilizookotwa Maldivi, zikasafirishwa Ulaya zikiwa uzito wa kutuliza meli, kisha zikapelekwa Guinea kama pesa. Konokono wa Bahari ya Hindi analipia mtu wa Benin atakayekata miwa Brazili: sijui mwataka ufungamano gani zaidi ya huo. (Na kwa kuwa dada ametaja maneno: Kiswahili huita kauri yule konokono na pia udongo mweupe wa Uchina, na Waitaliano wanafanya hivyo hivyo na "porcellana" yao. Waganda wao pesa wanaiita ensimbi, na simbi ndiye huyo huyo.)

Pili, Mwalimu, maneno na vyakula ni ushahidi, lakini ni shahidi anayehitaji kuhojiwa. Meza, leso, bendera, karata, mvinyo na gereza vimetoka kwa Wareno. Nanasi limepita kwao, ingawa asili yake ni lugha za Wahindi Wekundu wa Brazili. Sasa tazama mahindi. Mmea ni wa Meksiko, jina letu linaelekeza India. Jina halituambii lilikotoka, linatuambia watu wa pwani walidhani limeletwa na nani au kupitia bandari gani. Ukiandika "mahindi yalitoka India kwa sababu jina linasema hivyo", mtahini atakurudisha darasani. Na la gereza ni kama ulivyoanza kulikisia: kanisa la Wareno lilikuwa ndani ya ngome, ngome ikachukua jina la kanisa, na ngome iliyokosa vita hufaa kufungia watu. Lile jengo mliloliona kwa sehemu kubwa ni la wakati wa Waomani, limemeza mabaki ya ngome ya 1505 ambayo Wareno wenyewe waliihama mwaka 1512. Hilo pia mwambie binti yule.

Tatu, tahadhari na visa vitamu. Utasoma kila mahali kwamba rubani aliyemtoa da Gama Malindi alikuwa bingwa Ahmad ibn Majid. Wataalamu wengi sasa hawakubali. Maandishi ya Kireno ya wakati ule yanaelekea zaidi kwa rubani wa Gujarati. Liache, au liandike kama mfano wa jinsi hadithi zinavyojengwa.

Sasa habari ya lugha. Kireno cha kusoma nyaraka hujifunzwi kwa wiki mbili, lakini kwa mwaka mmoja wa bidii utaanza kutambua majina ya bidhaa, vipimo na tarehe, na hayo ndiyo unayoyatafuta. Anza na yaliyokwisha kuchapishwa na kufasiriwa. Historia ya Kilwa inayo matoleo mawili, la Kireno katika kazi ya João de Barros iliyotoka 1552 na la Kiarabu lililoko maktaba ya taifa ya Uingereza, na pale yanapopishana ndipo pana kazi ya kufanya. Kisha kuna kitu ambacho wanafunzi wengi wa Kitanzania hawakijui: barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 na zikahifadhiwa katika kumbukumbu za Goa. Hizo ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale kuliko yote tuliyo nayo mkononi, na zimekaa India kwa sababu Wareno walioendesha mambo yao ya Afrika Mashariki waliyaendesha kutoka Goa. Mahali zilipo penyewe ni nusu ya hoja yako. Ukizishika nakala zake, chunga tarehe. Za Hijria zigeuze mwenyewe, na za Wakristo kumbuka kwamba kalenda ilibadilishwa mwaka 1582 na si kila taifa lilifuata siku hiyo.

Nimalizie na kitu cha kutazama kwa macho. Mwaka 1502 da Gama alirudi na kumlazimisha mtawala wa Kilwa, Ibrahim, kulipa kodi ya mithkali 1,500 (kipimo cha uzito) za dhahabu. Dhahabu hiyo ilifika Lisbon, na mwaka 1506 sonara Gil Vicente akamaliza kuitengeneza chombo cha ibada cha monasteri ya Belém, chenye mitume 12 waliopigishwa magoti kwa umbo dogo la kidole na rangi za enameli. Kiko katika jumba la makumbusho jijini Lisbon hadi leo. Dhahabu ilichimbwa nyanda za Zimbabwe, ikapita Sofala na Kilwa, ikaishia kanisani. Na neno la kanisa likarudi Kilwa likaishia kuwa jela.

Mwalimu wa Lindi:

Shikamoo Mzee, na nyote asanteni. Nimesoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu.

Nimeamua kuachana na "historia ya dunia 1400 hadi 1800" kama jina la tasnifu. Ninafikiria sasa kuuanza utafiti kwenye mkataba wa Morice wa 1776 na kurudi nyuma: malipo yalikuwa ya kitu gani, watu walitolewa wapi barani, kwa nini Mfaransa aje Kilwa badala ya Msumbiji ya Wareno, na Kilwa ilitaka nini katika kukubali. Nitatumia kipimo cha mawasiliano ya kudumu, na nitakitaja waziwazi kama alivyoshauri ndugu mchumi, pamoja na hoja yake ya miaka ya 1820, ili msimamizi aone sijaikimbia.

Nina shaka moja. Naweza kuandika kwamba fedha ya mlima wa Potosí ndiyo iliyonunua watu Kilwa? Sentensi hiyo inanivutia sana kuiweka katika aya ya kwanza.

Bint Shela:

Inavutia, ndiyo maana uichunge. Hapa nijisahihishe kidogo, kwa sababu nimeitaja Potosí na Kilwa katika jibu moja bila kuonyesha karne mbili zilizoko katikati. Kufikia 1776 Potosí ilikuwa imeshuka sana, na Meksiko ndiyo iliyokuwa ikitoa fedha nyingi kuliko mahali pengine popote. Sarafu nazo hazikuwa zile zilizogongwa kwa nyundo na kukatwa kando kando bila mpango. Meksiko ilianza kutumia mashine mwaka 1732, na tangu 1772 reale hizo zilibeba sura ya mfalme Carlos III wa Hispania. Kwa hiyo ikiwa zilifika Kilwa mkononi mwa Morice zikiwa mpya, huenda zilikuwa na uso wa mfalme huyo. Zikiwa za zamani, zingekuwa na nguzo mbili na mawimbi ya bahari. Nazo za Potosí zilikuwa na alama yake, Meksiko alama yake, basi sarafu yoyote iliyofukuliwa pwani inaweza kuulizwa ilizaliwa wapi.

Kuna ugumu mwingine mbele ya huo. Piastre katika mkataba inaweza kuwa hesabu tu, kama vile leo mtu anavyotaja bei ya gari kwa dola na kulipa kwa shilingi. Inawezekana bei ilitajwa kwa piastre 20 na malipo yakatoka kwa bunduki, baruti na nguo. Mkataba peke yake hautakuambia. Tafuta hesabu za mizigo ya meli za Wafaransa zilizotoka Morisi miaka hiyo, uone zilipakia nini kuja huku. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo sura yako ya pili, na Kifaransa kitakufaa mapema kuliko Kireno.